Jinsi ya Kuuza Kiwanja cha Urithi Chenye Masharti: Mwongozo Kamili, Kutoka Jina la Marehemu Hadi Jina la Mnunuzi

Kiwanja kina nyumba ya familia nyuma na fremu tatu za maduka mbele. Baba amefariki, hati ina jina lake, watoto wamekubaliana kuuza. Mnunuzi amepatikana, ametoa advansi, na miezi minane baadaye hakuna kilichosogea. Faili limerudishwa kutoka ofisi ya ardhi, mnunuzi anadai pesa yake, na ndugu hawasalimiani.

Habari hii nimeletewa mara nyingi mno, inabadilika mtaa tu. Na karibu kila mara kosa ni lile lile: mnunuzi ameingia mwanzoni, wakati zamu yake ni hatua ya nane.

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara, kwa kiwanja cha mjini kilichopimwa, chenye hati, na chenye matumizi mchanganyiko ya makazi na biashara. Zanzibar ina sheria yake ya ardhi, usiitumie njia hii kule. Shamba la kijijini nalo lina mlango wake, na nimeligusa mwishoni mwa hatua ya kwanza.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Viweke vyote kwenye faili moja, na upige nakala tatu tatu za kila kimoja.

- Hati halisi. Kama iko benki, barua ya benki inayoonyesha deni lililobaki.
- Cheti cha kifo kutoka RITA. Kibali cha mazishi hakitoshi.
- Vitambulisho vya NIDA vya warithi wote, na vyeti vya kuzaliwa vya walio chini ya miaka 18.
- Cheti cha ndoa cha mjane au mgane. Kama ndoa ilikuwa ya kimila, watu wawili wanaoweza kuithibitisha.
- Muhtasari wa kikao cha familia wenye sahihi za wote waliohudhuria.
- Barua ya ofisa mtendaji wa mtaa alikoishi marehemu.
- Risiti za kodi ya pango la ardhi, za miaka mingi kadiri mtakavyozipata.
- Risiti za kununua kiwanja na za ujenzi: saruji, mabati, mafundi, kibali cha ujenzi. Usizidharau. Kwenye kodi zina thamani ya mamilioni.
- Mikataba ya wapangaji wa fremu na ya vyumba.
- TIN ya msimamizi wa mirathi. Ya mnunuzi itahitajika baadaye.

Weka pia akiba ya kuendeshea kazi yenyewe. Kabla hamjapokea hata shilingi ya mnunuzi, mtalipa ada za mahakama, upekuzi, mthamini, wakili na malimbikizo ya pango. Familia isiyo na akiba hiyo ndiyo inayokimbilia advansi ya mnunuzi, na hapo ndipo mambo yanapoanza kuharibika.

## Hatua ya 1: Soma hati mstari kwa mstari

Hapa nchini ardhi yote ni ya umma, na Rais anaishika kama mdhamini wa wananchi. Baba hakuacha udongo. Aliacha haki ya kuutumia, kwa muda fulani na kwa masharti fulani, na hicho ndicho mnachokiuza. Kwa hiyo kaeni mezani, hati ikiwa wazi, mtafute mambo manne.

Jina. Liwe sawa na la kwenye cheti cha kifo, herufi kwa herufi. Hati ikiandikwa "Juma" na cheti "Jumaa", mtahitaji kiapo, kinacholiwa mbele ya wakili, kinachosema ni mtu yule yule. Kitafuteni leo. Msisubiri karani akigundue yeye.

Muda. Hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Tafuta tarehe ya kuanza, kisha ujumlishe. Hati ya miaka 33 iliyoanza Januari 1998 inakwisha mwishoni mwa 2030. Mnunuzi anayetegemea mkopo wa benki hataigusa, kwa sababu benki haikubali rehani ya haki inayokaribia kufa. Kama miaka iliyobaki ni michache, jiandaeni kuomba muda mpya mara tu msimamizi atakapoandikishwa (hatua ya 4), na jambo hilo liingie kwenye hesabu ya bei.

Matumizi. Hapa ndipo patamu. Hati inaweza kusema "makazi" tu ilhali mbele kuna duka la vipodozi, saluni na wakala wa pesa. Au inaweza kusema "makazi na biashara", na mkawa hamna tatizo. Andikeni maneno yenyewe yaliyo kwenye hati, pamoja na kundi la matumizi lililotajwa. Msitegemee alivyozoea kusema mzee.

Masharti ya uendelezaji. Hati nyingi humtaka mmiliki ajenge ndani ya muda uliotajwa, aghalabu miezi 36. Kiwanja kilichokaa wazi miaka kumi kimevunja sharti, na swali hilo litaulizwa siku mtakapoomba idhini ya kuuza.

Kuna masharti mengine yasiyoandikwa kwenye karatasi hiyo lakini yanawabana. Kwa kawaida, asiye raia wa Tanzania hawezi kumiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kupitia utaratibu wa mamlaka ya uwekezaji. Ndugu yenu aliyechukua pasipoti ya Uingereza au Marekani asipangiwe kuandikwa kwenye hati kabla wakili hajathibitisha kwamba sheria inamruhusu. Apate fungu lake katika fedha za mauzo. Kama kiwanja kiko kando ya mto au ufukweni, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60. Pimeni kabla hamjamwambia mtu ukubwa wa eneo.

Na kama karatasi mliyonayo ni hatimiliki ya kimila, au ni makubaliano ya mauziano yaliyogongwa mhuri na kijiji, mko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Idhini hutoka kwa Halmashauri ya Kijiji, na mnunuzi asiye mkazi wa kijiji huchunguzwa zaidi. Mirathi inafunguliwa vile vile, lakini kuanzia hatua ya 4 njia zenu zinaachana na mwongozo huu.

*Umefaulu ukiwa na:* ukurasa mmoja ulioandika jina, tarehe ya mwisho wa hati, matumizi na masharti, na kila mrithi ameusoma.

## Hatua ya 2: Fanya upekuzi, kisha nenda uwanjani

Upekuzi ni kumwomba Msajili wa Hati akuonyeshe kilichoandikwa kwenye daftari lake kuhusu kiwanja. Siku hizi hufanyika kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa. Unapewa kontroli namba, unalipa, unapata majibu kwa maandishi. Fanyeni mapema, hata kabla ya mahakama, kwa sababu kinachoweza kuonekana humo hubadilisha mipango yote: rehani ambayo mzee hakumwambia mtu, zuio lililowekwa na mtu anayedai alishauziwa, au amri ya mahakama.

Hapo hapo ulizeni deni la pango la ardhi. Halifi na marehemu, linaendelea kukua na riba juu yake. Lipeni lote. Faili lenye deni la pango halisogei.

Halafu nendeni kwenye kiwanja chenyewe mkiwa na ramani ya upimaji na mtafute bikoni zote, yaani alama za mpaka zilizowekwa na mpimaji kwenye pembe za kiwanja.

Kwenye kiwanja cha familia yangu tulipata tatu. Ya nne tuliitafuta siku nzima tukichimbua kwenye ua wa jirani, tukadhani ameing'oa. Mpimaji alipokuja na kifaa chake, alisimama ndani ya fremu ya mwisho, katikati ya magunia ya mchele ya mpangaji, akasema iko hapa, chini ya sakafu. Fremu ilikuwa imejengwa kupita mpaka, karibu mita moja na nusu ikiwa ndani ya hifadhi ya barabara. Mzee aliijenga miaka mingi nyuma kwa nia njema, na hakuna aliyemwambia. Tulilazimika kuivunja nusu kabla ya kuuza. Iliuma, lakini ingeuma zaidi kumuuzia mtu ukuta utakaowekewa alama ya X mwaka unaofuata.

Barabara kuu chini ya Sheria ya Barabara ya 2007 ina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati. Fremu ndizo zinazosogea mbele kutafuta wateja, kwa hiyo kwenye viwanja vya matumizi mchanganyiko kosa hili ni la kawaida kuliko watu wanavyofikiri.

*Umefaulu ukiwa na:* majibu ya upekuzi yasiyo na rehani wala zuio, au orodha ya vya kuondoa. Risiti ya pango isiyo na deni. Na bikoni nne mlizozigusa kwa mikono.

## Hatua ya 3: Fungua mirathi, mpate msimamizi

Muhtasari wa kikao cha familia hauuzi kiwanja. Barua ya mwenyekiti wa mtaa haiuzi kiwanja. Mtoto mkubwa hana mamlaka ya kuuza kwa sababu ni mkubwa. Anayeweza kusaini kwa niaba ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na hakuna mwingine. Mauzo yaliyofanywa kabla ya uteuzi huo ni ya mtu aliyeuza kisicho chake.

Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au mila. Kama marehemu alikuwa Mkristo ambaye maisha yake hayakuendeshwa kimila, muoneni wakili kwanza awaambie faili lifunguliwe wapi. Faili likifunguliwa kwenye mahakama isiyo na mamlaka, mrithi aliyenuna anaweza kuyaangusha mauzo yenu hata baada ya pesa kugawanywa.

Kwenye Mahakama ya Mwanzo mtajaza Fomu Na. I ya maombi, mkiambatisha cheti cha kifo na muhtasari. Mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Tangazo likiisha bila pingamizi, msimamizi hupewa Fomu Na. IV. Hiyo ndiyo karatasi mtakayotembea nayo kila ofisi. Chukueni nakala zilizothibitishwa si chini ya tano.

Saa inaanza kuhesabu siku hiyo hiyo. Ndani ya miezi minne msimamizi anatakiwa kurudisha Fomu Na. V, yaani orodha ya mali na madeni yote, na baadaye Fomu Na. VI ya hesabu. Mahakama ya Wilaya na Mahakama Kuu hutoa miezi sita kwa orodha na mwaka mmoja kwa hesabu. Wengi huichukua Fomu IV na kutoonekana tena mahakamani, na baadaye hushangaa usimamizi wao ukifutwa.

Mambo matatu yanayoangusha familia nyingi hapa:

Mjane. Mama si mrithi tu. Kama kiwanja kilipatikana wakati wa ndoa, anaweza kuwa na sehemu yake mwenyewe kwa mchango wake, kabla urithi haujaanza kugawanywa. Na kama ndiyo nyumba anayoishi, Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikuwa inamlinda hata mumewe akiwa hai. Mkae naye chini, mkubaliane anahamia wapi na anabaki na nini, mliandike. Nimeona mauzo mengi yakizuiwa na mama aliyekuwa kimya kwenye kikao kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Msimfanyie hivyo, na si kwa sababu ya sheria peke yake.

Watoto. Mrithi aliye chini ya miaka 18 hasaini ridhaa. Fungu lake hulindwa na msimamizi chini ya macho ya mahakama, na fedha zake ziende kwenye akaunti inayojulikana.

Mrithi mgomvi. Mahakama ya Rufani imeshasema msimamizi anaweza kuuza mali ya marehemu bila kwanza kupata ridhaa ya kila mrithi. Ni kweli, lakini msiutegemee uwezo huo kama silaha. Mrithi mwenye hasira anaweza kuweka zuio kwa Msajili, na mnunuzi mwenye akili akisikia zuio anaondoka. Pateni ridhaa za wote kwa kiapo, hata kama sheria haiwalazimishi. Aliye nje ya nchi asaini ubalozini.

*Umefaulu ukiwa na:* Fomu IV, Fomu V iliyopokelewa na kugongwa mhuri, na viapo vya ridhaa vya warithi wote wazima.

## Hatua ya 4: Muandikishe msimamizi kwenye hati

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Watu wakishapata Fomu IV hukimbilia moja kwa moja kwenye mkataba wa mauzo. Lakini daftari la Msajili bado lina jina la marehemu, na marehemu hawezi kuhamisha kitu.

Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, kifungu cha 67, inampa msimamizi haki ya kuandikishwa mahali pa marehemu. Peleka hati halisi, cheti cha kifo, Fomu IV na maombi. Baada ya usajili, jina lako litaonekana likifuatiwa na maneno kwamba wewe ni msimamizi wa mirathi ya fulani. Maneno hayo yasiondolewe. Wewe si mwenye mali, ni mshika mali, na maneno hayo ndiyo yanayowalinda ndugu zako.

Hati ikiwa imepotea, anza na ripoti ya polisi na kiapo, kisha Msajili atawaelekeza kwenye tangazo na kutoa nyingine. Huchukua muda. Ndiyo sababu hati hutafutwa siku ya kwanza.

*Umefaulu ukiona:* upekuzi mpya wenye jina la msimamizi. Ukipata huo, hongera, sehemu ngumu kuliko zote imekwisha.

## Hatua ya 5: Linganisha matumizi ya kwenye hati na ya uwanjani

Sasa rudini kwenye ule ukurasa wa hatua ya kwanza.

Kama hati inasema makazi na biashara, na kwenye kiwanja kuna nyumba na fremu, songeni mbele.

Kama hati inasema makazi tu na kuna fremu, mna njia mbili, na kuchagua kunategemea mnunuzi mnayemtafuta.

*Kubadili matumizi kwanza.* Msimamizi anaomba kwa mkurugenzi wa halmashauri, akiambatisha nakala ya hati, ramani na risiti za pango. Bango huwekwa kwenye kiwanja na tangazo hutolewa ili majirani waseme. Maombi huenda kwenye kamati ya mipango miji, na yakikubaliwa, masharti ya hati hurekebishwa. Kuanzia hapo pango la kila mwaka hupanda, kwa sababu biashara hutozwa zaidi ya makazi. Kabla ya kuomba, ulizeni ofisi ya mipango miji mpango wa eneo lenu unasemaje. Kama mtaa mzima umepangwa kuwa makazi, maombi yatakataliwa na mtakuwa mmepoteza miezi.

*Kuuza kama kilivyo.* Mnauza kiwanja cha makazi, na mkataba unasema wazi kwamba fremu hazimo kwenye matumizi yaliyoidhinishwa. Bei inashuka, lakini hakuna atakayewarudia.

Ushauri wangu: mtu anayetaka nyumba ya kuishi muuzieni kama kilivyo. Anayenunua kwa sababu ya fremu, au kwa mkopo wa benki, hatakubali, na kwake kubadili matumizi kunarudisha gharama. Kilicho kibaya ni njia ya tatu, ya kunyamaza na kumwachia agundue mwenyewe.

*Umefaulu ukiwa na:* hati inayofanana na kiwanja, au aya ya mkataba inayoeleza tofauti.

## Hatua ya 6: Wapangaji

Mpangaji wa fremu aliyelipa mwaka mzima ana haki inayoendelea hata kiwanja kikibadilisha mikono. Orodhesheni kila mmoja: jina, fremu, kodi ya mwezi, amelipa hadi tarehe gani, ameacha amana kiasi gani, ametumia kiasi gani kukarabati.

Kodi inayokusanywa tangu marehemu afariki ni mali ya mirathi. Iandikwe na itolewe hesabu. Ndugu anayeishi karibu na kukusanya kodi ya fremu "kwa muda tu" ndiye chanzo cha nusu ya ugomvi ninaousikia. Mwambieni mapema, kwa upole, akabidhi daftari.

## Hatua ya 7: Uthamini

Tafuteni mthamini aliyesajiliwa. Mwambieni athamini nyumba na fremu kila moja kwa hesabu yake. Fremu hupimwa kwa kodi inayoingia, nyumba kwa hali yake na bei za eneo. Ripoti huidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, na thamani hiyo iliyoidhinishwa ndiyo TRA itakayoiangalia.

Mkiandika bei ya chini kwenye mkataba ili kukwepa kodi, hamtaokoa kitu, kwa sababu TRA hutumia kiasi kilicho kikubwa kati ya bei na thamani iliyoidhinishwa. Badala yake mtakuwa mmeweka sahihi kwenye uongo, na mrithi yeyote anaweza kuwauliza tofauti ya pesa imekwenda wapi.

## Hatua ya 8: Mnunuzi na mkataba

Sasa mlete.

Thibitisha kwanza uraia wake. Kisha mpeni majibu ya upekuzi, msimwachie ayatafute. Hujenga imani kuliko maneno ya dalali. Malipo ya dalali yaandikwe kabla hajamleta mtu, pamoja na nani atamlipa.

Sheria ya Ardhi inataka mkataba wa kuhamisha ardhi uwe wa maandishi. Uandaliwe na wakili, na uwe na mambo haya:

- Muuzaji atajwe kama msimamizi wa mirathi, pamoja na namba ya shauri la mirathi.
- Muda uliobaki kwenye hati na matumizi yaliyoidhinishwa.
- Orodha ya wapangaji na nani anachukua kodi kuanzia tarehe gani.
- Nani analipa kodi ipi.
- Mauzo yanategemea idhini ya Kamishna wa Ardhi. Idhini ikikataliwa, pesa inarudi ndani ya siku zilizotajwa.
- Tarehe ya mama au ndugu wanaoishi humo kuhama.

Malipo yapitie benki, kwenye akaunti iliyofunguliwa kwa ajili ya mirathi. Advansi iwe ndogo, na isigawanywe. Kiasi kikubwa kilipwe idhini ikishatoka. Hati halisi ikae kwa wakili hadi pesa ya mwisho iingie.

Onyo moja. Kwenye mitaa kadhaa mtaombwa asilimia ya bei ya mauzo kama "haki ya ofisi" ili mpate mhuri. Msilipe kitu kisicho na kontroli namba na risiti ya Serikali. Mauzo ya kiwanja chenye hati hukamilika kwa Msajili. Ombeni barua mnayohitaji, kwa heshima, mwondoke.

## Hatua ya 9: Idhini, kodi na uhamisho

Fomu ni tatu, na hujazwa pamoja: Fomu ya Ardhi Na. 29 ya taarifa ya uhamisho, Na. 30 ya kuomba idhini, na Na. 35 ya uhamisho wenyewe. Msimamizi na mnunuzi wanasaini mbele ya wakili, picha zinabandikwa. Zinaambatana na mkataba, ripoti ya uthamini, hati, risiti ya pango na Fomu IV.

Kwenye TRA kuna malipo mawili makubwa.

Kodi ya ongezeko la mtaji, ya muuzaji. Kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida, yaani bei ukitoa gharama zilizothibitika. Asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, iliyo kubwa kati ya hizo.

Chukua kiwanja kilichouzwa shilingi milioni 150. Bila risiti hata moja, kodi ni milioni 4.5. Mwenye risiti zinazothibitisha gharama za milioni 120 ana faida ya milioni 30, na kodi yake ni milioni 3. Ndiyo sababu niliwaambia msitupe risiti za mabati za mzee.

Ushuru wa stempu, takriban asilimia 1 ya thamani, ambao kwa kawaida hulipwa na mnunuzi.

Bila cheti cha TRA kwamba kodi ya mauzo imelipwa, Msajili hasajili. Kwa hiyo fungu la kodi litengwe kwenye akaunti ya mirathi kabla mrithi yeyote hajapewa kitu.

*Umefaulu ukiona:* upekuzi wa mwisho wenye jina la mnunuzi. Usiridhike na mhuri wa "imepokelewa".

## Hatua ya 10: Rudi mahakamani

Jaza Fomu Na. VI: kilichoingia, kilicholipwa, alichopata kila mrithi, pamoja na hati za benki. Kila mrithi asaini alichopokea. Mahakama ikiridhika, inafunga shauri. Hadi faili lifungwe, wewe bado ni msimamizi na bado unaweza kuitwa kujibu.

Siku ya makabidhiano, mpe mnunuzi funguo, daftari la wapangaji na amana zao, bili ya maji iliyolipwa, na namba ya mita ya LUKU. Kodi ya majengo hukatwa kupitia mita hiyo, kwa hiyo mwende pamoja TANESCO mkabadilishe jina siku hiyo hiyo.